Saa 15 angani: tunayodanganyana kuhusu safari ndefu za ndege

Basi la Kisumu kwenda Nairobi huchukua saa 7 au 8, na hakuna mtu aliyewahi kuitiwa kikao cha ukoo aelezwe atazimalizaje. Unapanda, unanunua njugu dirishani, unasikiliza ubishi wa makanga na abiria wa kiti cha nyuma, unasinzia, unaamshwa Nakuru kwenda msalani, halafu mmefika. Mtu huyohuyo akipata tiketi ya London, safari ya takriban saa 9 kutoka Nairobi, ghafla kila jirani ni bingwa wa mambo ya anga. Meza hiki. Usinywe kile. Usiguse skrini, utalipishwa.

Sisi tunaokatia watu tiketi hapa mjini Kisumu huyasikia haya kwenye kaunta, na mara nyingi msemaji ni msindikizaji. Msafiri mwenyewe amenyamaza. Mengine hayadhuru. Mengine yanaweza kumlaza mtu hospitalini. Karibu yote yametoka kwenye shina moja, kwamba saa za ndegeni ni mateso na dawa yake ni kupoteza fahamu mpaka mlango ufunguliwe. Mimi naona safari hupungua ikikatwakatwa vipande, na vipande vingi hutayarishwa ukiwa bado ardhini.

"Meza Piriton, utaamkia Doha"

Huu ndio ushauri ninaoupinga bila kupunguza sauti. Piriton ni dawa ya mzio. Usingizi ni athari yake ya kando tu, na usingizi wenyewe ni mbovu: unaamka mdomo umekauka, kichwa kizito, macho hayasomi. Nairobi hadi Doha ni kati ya saa 5 na 6. Ukifika huko umezubaa hivyo, ndipo unapotakiwa kusoma ubao, kutafuta lango la ndege ya pili na kusikia tangazo la lugha mbili. Wapo wanaoachwa na ndege wakiwa wamekaa hatua chache kutoka lango lao.

Hilo ni tatizo dogo. Kubwa ni kutosogea. Mtu akikaa na magoti yamekunjwa kwa saa nyingi, damu ya miguuni hurudi moyoni polepole, kwa sababu misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu yake na pampu imezimwa. Damu iliyotuama inaweza kuganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu, na bonge likikatika likapanda hadi mapafuni, linaweza kuua. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake kuhusu jambo hili mwaka 2007: hatari ya kuganda damu huongezeka takriban maradufu mtu anaposafiri amekaa kwa zaidi ya saa 4. Bado ni hatari ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000, lakini dawa ya usingizi ndiyo njia ya uhakika ya kujiweka karibu nayo. Mtu aliyelala kwa hiari yake hujigeuza, huumia shingo, huamka. Aliyelewa vidonge hukaa kama alivyoangukia.

Kuna jambo katika uchunguzi ule ambalo watu wa huku hawalitaji kamwe. Hatari hiyo si ya ndege peke yake. Ni ya kukaa, iwe kwenye gari, basi au treni. Yaani yule anayemwonea huruma binti yake atakayekaa saa 9 hadi London, yeye mwenyewe hukaa saa 8 hadi Nairobi bila kunyoosha mguu isipokuwa pale Nakuru, tena akiwa na begi mapajani.

Wa kujiangalia zaidi ni wajawazito na waliojifungua karibuni, wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi, wanene sana, waliofanyiwa upasuaji majuzi, na waliowahi kuganda damu. Hao wazungumze na daktari kabla ya safari, na mara nyingi watashauriwa kuvaa soksi za kubana miguu. Kumeza aspirini "ili damu iwe nyepesi" kwa kuwa shemeji amesema si ushauri wa daktari. Wengine wote dawa yao ni kuinuka kila baada ya saa moja au mbili, kutembea hadi nyuma ya ndege, kusimama pale karibu na jiko la wahudumu, kupandisha na kushusha visigino, kisha kurudi. Na hapo, bila kutafuta, umeshapata kitu cha kufanya kila saa.

"Bia moja ya angani ni mbili za ardhini"

Pombe kwenye damu haiongezeki kwa kuwa uko juu. Bia ni ileile. Kinachobadilika ni hewa unayovuta. Ndani ya ndege hewa hubanwa ifanane na ya mahali palipo kati ya mita 1,800 na 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa hesabu ya huku kwetu, huo ni mwinuko kati ya wa Nakuru na wa Iten. Mtu wa Kisumu, aliyezoea mita 1,130 hivi, ni sawa na aliyepandishwa Eldoret akaambiwa akae kitako. Boeing 787, ndege ambayo Kenya Airways huitumia katika safari zake ndefu, hubaki upande wa Nakuru; ndege za zamani hukaribia Iten. Wakimbiaji wetu wa Elgeyo Marakwet wakipanda ndege wanarudishiwa hewa ya nyumbani. Tena basi la Eldoret likipita Timboroa, zaidi ya mita 2,700, limekupandisha juu kuliko ndege yoyote inavyokufanya uhisi.

Kwa hiyo oksijeni imepungua kidogo, umechoka, hujala vizuri, na bia inaonekana kuwa na nguvu mpya. Hatari halisi huja ukilala baada ya kuinywa. Watafiti wa Ujerumani walichapisha mwaka 2024 jaribio walilofanya na vijana wenye afya njema: waliokunywa kisha wakalala katika hewa iliyopunguzwa kama ya ndegeni walishuka oksijeni ya damu hadi asilimia 85 hivi, na mapigo ya moyo yakapanda. Hao ni vijana wazima. Fikiria sasa mzee mwenye shinikizo la damu.

Na kwa wanaokwenda Ghuba kuna neno moja zaidi: kushuka Dubai au Riyadh ukiwa umelewa kunaweza kukutia mikononi mwa polisi kabla hujaonana na mwajiri.

"Jaba itakuchangamsha njia nzima"

Jaba ni miraa. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014, na nchi za Ghuba ni kali zaidi. Iache Nakuru. Ukishaitafuna kabla ya kupanda, utakesha ukitazama kichwa cha aliye mbele yako, midomo imekauka, na hiyo haijawahi kufupisha safari ya mtu yeyote.

"Usiguse ile skrini, wanalipisha"

Nimeelezwa na mama mmoja, kwa uchungu mtupu, jinsi alivyokaa kutoka Nairobi hadi Ulaya akitazama kioo cheusi, mikono mapajani, huku wenzake wanacheka na filamu zao. Aliogopa kwamba akigusa tu, bili itamngoja mlangoni. Maji pia hakuomba.

Naelewa hofu hiyo inatoka wapi. Wengi wetu tumeanzia kwenye ndege za bei nafuu kati ya Kisumu na Nairobi, safari ya dakika 45 hivi, ambako ukitaka kitafunwa unatoa pesa. Ukishajifunza ndege kwa njia hiyo, unadhani zote ziko hivyo. Lakini mashirika makubwa yanayofanya safari ndefu huweka filamu, muziki, michezo, chakula, maji na blanketi ndani ya bei ya tiketi. Umeshalipa. Kitufe chenye picha ya mtu, kilicho juu ya kichwa au kwenye mkono wa kiti, huita mhudumu na hakina ada. Yako mashirika ya bei nafuu yanayosafiri mbali pia, na hayo hulipisha hata maji, kwa hiyo uliza unapokata tiketi. Swali hilo halimuudhi muuzaji yeyote mwenye akili.

"Nina simu imejaa filamu na hedifoni zangu, sina shida"

Unazo shida tatu.

Ya kwanza: hedifoni zisizo na waya haziwezi kuunganishwa na skrini za ndege nyingi. Baadhi ya ndege mpya zina Bluetooth kwenye kiti, nyingi bado hazina. Nunua zenye waya, hata zile za bei rahisi za pale Oginga Odinga Street, uziweke mfukoni. Hedifoni zinazogawiwa ndegeni mara nyingi hukufanya uongeze sauti kupita kiasi, kwa sababu ngurumo ya ndani ya ndege yenyewe ni ya desibeli 80 hivi. Kinachochosha watu wengi ni ngurumo hiyo inayokwenda bila kupumzika. Ukiziba masikio na vizibo vya sponji, hata bila muziki wowote, utashangaa mwili unavyolegea.

Ya pili: filamu "iliyopakuliwa" si lazima iwe yako. Programu nyingi za filamu hutaka kuonana na intaneti mara kwa mara ili kuthibitisha kwamba bado unalipia, na filamu nyingine huisha muda. Weka simu katika hali ya ndegeni ukiwa nyumbani, ufungue kila ulichopakua, na uone kama kinacheza. Kile kisichocheza sebuleni Milimani hakitacheza juu ya Sahara. Na fanya hivyo ukiwa bado na Wi-Fi ya bure au bando, si kwenye foleni ya uwanja wa ndege.

Ya tatu ni chaji ya simu, nayo inahitaji maelezo kidogo. Pawabanki haruhusiwi kuingia kwenye mzigo unaopakiwa chini. Lazima akae nawe, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto ni heri ishike mahali wahudumu wanaweza kuifikia. Kikomo cha kawaida bila kibali ni saa-wati 100, ambayo ni kama mAh 27,000. Hizo za mAh 10,000 au 20,000 zinazouzwa mjini ziko ndani ya kikomo, mradi maandishi yake yasomeke. Yakishafutika ofisa anaweza kumchukua. Halafu kuna jipya: mashirika kadhaa yamekataza kumtumia mkiwa angani. Emirates ilianza katazo hilo Oktoba 2025. Unaingia naye ndani, lakini humchomeki. Kwa hiyo chaja ya kawaida na waya wake ni muhimu kuliko pawabanki, kwa kuwa viti vingi vya safari ndefu vina tundu la kuchajia.

Hata vyote vikifanya kazi, hesabu haikubali. Saa 15 ni filamu saba. Sijaona mtu aliyeziangalia saba akashuka na macho yake. Hewa ya ndani ya ndege ina unyevu usiozidi asilimia 20 hivi, kavu kuliko jangwa nyingi, na mtu anayekazia macho skrini hupepesa kope mara chache. Wenye lenzi za macho wazivue, wavae miwani.

"Tazama ile ramani ujue mmebakisha muda gani"

Hii ndiyo njia ya kurefusha safari. Mtu anayeuchunga wakati huuona ukijivuta; wataalamu wa saikolojia wamelipima hilo mara nyingi, na yeyote aliyewahi kungoja maji ya chai yachemke na tumbo tupu hahitaji wataalamu. Ukurasa wa ramani unaoandika "saa 11 na dakika 42" ufunge. Vua saa ya mkononi.

Ramani ninayoisifu ni nyingine. Simu ikiwa katika hali ya ndegeni, GPS yake bado hufanya kazi, kwa sababu hiyo hupokea tu mawimbi kutoka kwa setilaiti bila kutuma chochote. Ukipakua ramani za nchi za njiani kabla ya kuondoka, na ukakaa dirishani, utaona kidoti chako kikivuka Turkana na utajua mlima ule ulio chini una jina gani. Kwa wanaokwenda Ulaya, wazieni hili: maji ya Ziwa Victoria, haya tunayoyatazama Dunga, hutokea Jinja na kuchukua takriban miezi mitatu kufika Mediterania kwa njia ya Nile. Ninyi mtaifikia bahari hiyohiyo kabla hamjaletewa kifungua kinywa. Siku hizi njia imepinda, kwani anga ya Sudan ilifungwa kwa ndege za abiria Aprili 2023 vita vilipoanza, lakini ndege ikipitia Misri usiku, taa za bonde la Nile huonekana katika mstari mmoja mrefu, na giza tupu pande zote mbili.

Hapo pia inaanguka ile imani kwamba simu moja iliyosahauliwa wazi itaangusha ndege. Hakuna ajali ya ndege kubwa ya abiria iliyothibitishwa kusababishwa na simu ya abiria. Katazo lipo kwa sababu mawimbi yanaweza kuleta kelele kwenye mawasiliano ya marubani, na kwa sababu simu iendayo kasi ile hurukia minara mingi kwa pamoja ikivuruga mtandao wa chini. Pia, simu inayotafuta mnara usiokuwepo hula betri yake yote. Weka hali ya ndegeni, kisha uwashe tena Wi-Fi na Bluetooth, hizo zinaruhusiwa. Ndege nyingi za masafa marefu zina intaneti ya setilaiti, nyingine ya bure: Qatar Airways imeweka Starlink kwenye Boeing 777 zake. Sipendekezi ushinde humo. Ukiweza kukaa saa 10 bila kundi la WhatsApp la ukoo, kaa.

"Kiti cha dirishani ndicho bora"

Kwa kuona na kuegemea, ndiyo. Lakini safari nyingi ndefu kutoka Nairobi huondoka usiku, na utakachokiona kwa muda mrefu ni sura yako kwenye kioo. Aliye dirishani pia huinuka mara chache kuliko wengine, kwa aibu ya kuwaamsha wawili, na tumeshasema kutosogea kunafanya nini. Mwenye kibofu chepesi, mjamzito au mzee akae kwenye ujia.

Aibu hiyohiyo ndiyo huzaa ushauri wa kutokunywa maji "ili usisumbue watu". Kunywa. Hewa ile haikamui maji mengi mwilini kama inavyodhaniwa, hasa hukausha pua, koo na macho, lakini mtu aliyejinyima maji tangu Kisumu amejitafutia kichwa kuuma bure. Jirani akilala, mguse bega kwa upole. Ni desturi ya kule juu na hakuna anayekasirika kwa muda mrefu.

"Kroshia watakunyang'anya"

Wanawake wengi wa Vihiga, Busia na Kisumu wanaofuma vitambaa vya makochi huacha kazi yao nyumbani wakidhani sindano ya kroshia ni silaha. Marekani huziruhusu sindano za kufumia na kroshia kwenye mzigo wa mkononi, na viwanja vingi vya ndege vivyo hivyo. Neno la mwisho ni la ofisa wa ukaguzi, kwa hiyo beba ya plastiki au ya mbao, acha mkasi, na usibebe kazi utakayoililia ikichukuliwa.

Naiweka juu ya filamu bila kusita. Mikono ikiwa na kazi, akili haihesabu dakika. Kazi inaonekana ikikua. Unaweza kuiacha wakati wowote na kuirudia. Haihitaji chaji wala waya. Asiyefuma atafute ya kufanana nayo: kitabu cha mafumbo ya maneno, daftari la kuandikia barua, Biblia au Kurani, hesabu za chama alizoziahirisha tangu Januari. Wanaokwenda kazini Ghuba nawaomba wapige picha kila ukurasa wa mkataba wao na kuusoma njiani polepole, ijapokuwa mahali pake hasa pa kusomwa palikuwa kabla ya kutia sahihi.

"Wageni hawapendi kusemeshwa"

Tunaamini hivyo, kisha tunakaa saa 9 bega kwa bega na mtu bila kumjua jina. Watafiti Nicholas Epley na Juliana Schroeder walilijaribu hili kwa wasafiri wa treni na mabasi ya Chicago, wakalichapisha mwaka 2014. Watu walitabiri kwamba kuzungumza na mgeni kutaharibu safari yao. Walioambiwa wazungumze wakamaliza wakiwa na furaha kuliko waliokaa kimya. Sisi wa huku, ambao kwenye matatu ya Kakamega hadi Kisumu tunajua mtu amezaliwa wapi na anadaiwa na nani, tungepaswa kuwa walimu wa hili.

Lakini kuna adabu zake. Wakati mzuri ni wa chakula, mikono ya wote ikiwa na kazi na taa zikiwa zimewashwa. Mwenzako akivaa hedifoni au akifunika macho, mazungumzo yamekwisha. Habari ya mkwe wako inaweza kungoja kifungua kinywa.

"Mtoto akilia ndegeni ni woga"

Mara nyingi ni masikio, hasa ndege inaposhuka: hewa ya nje ya ngoma ya sikio inabana kuliko ya ndani, na kamirija kanakosawazisha kwa mtoto ni kembamba. Kumeza hukafungua. Mnyonyeshe, mpe chupa au chuchu bandia wakati wa kushuka, na kama amelala, muamshe. Mkubwa atafune PK. Pamba masikioni haisaidii kitu. Mwenye mafua makali ataumia zaidi, mtoto au mtu mzima.

Kuhusu kumshughulisha, tableti huisha nguvu na mtoto huishiwa hamu nayo mapema. Fungeni vitu vidogo vingi kila kimoja peke yake, kimoja cha kila saa: kalamu za rangi, uzi wa kuchezea vidoleni, karata, gari la waya lisilo na ncha. Kufungua ndiko kunakomaliza muda.

"Chakula chao hakina ladha, na chako hakikubaliwi"

Nusu ya kwanza ni kweli ila lawama imemwangukia mpishi bure. Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, ikiifanyia kazi Lufthansa, ilijaribu vyakula katika hewa kavu na nyepesi kama ya ndegeni na kuona kwamba ladha ya chumvi na sukari hufifia, huku nyanya zikibaki na utamu wake. Omba juisi ya nyanya hata kama nyumbani huipendi.

Nusu ya pili si kweli. Chakula kikavu hupita: mandazi, chapati, njugu, mahindi ya kukaanga. Kisichopita ukaguzi ni kitu cha majimaji kinachozidi mililita 100, na hapo huhesabiwa maziwa lala, mursik na siagi ya karanga. Njugu waulize kwanza walio karibu, kuna watu wa mzio. Omena za kukaanga zinaruhusiwa na sheria, lakini mko mia tatu ndani ya chumba kimoja. Matunda na nyama yaishe kabla ya kutua. Marekani huuliza, na faini zao ni za dola.

"Safari ikiwa ndefu, mwili utachanganyikiwa wiki nzima"

Urefu huleta uchovu wa kawaida tu, unaoisha kwa usingizi wa usiku mmoja au miwili. Kinachovuruga mwili ni kuvuka kanda za saa. Doha na Riyadh saa zao ni sawa na za Kisumu, dakika kwa dakika. Dubai imetangulia kwa saa moja. Aliyekwenda huko akilalamika wiki nzima kwamba mwili umebadilika, ana jambo lingine. New York iko nyuma yetu kwa saa 7 au 8 kutegemea msimu, na huko ndiko mwili hutangatanga, ukijirekebisha takriban saa moja kwa siku.

Ndiyo maana usingizi wa ndegeni upangwe kwa saa za unakokwenda. Kwenye ndege ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York, iliyoanzishwa Oktoba 2018, kwenda ni saa 15 hivi na kurudi ni 14, kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege inayorudi. Hivyo watu husema kurudi ni rahisi. Kwa saa za safari, ndiyo. Kwa mwili, kuelekea mashariki ni kugumu zaidi, maana unalazimishwa kulala kabla hujasikia usingizi. Mgeni wenu akitua kutoka Marekani Ijumaa, ukumbi ukodishwe wa Jumamosi ya wiki inayofuata, na siku hizo za kwanza aachwe atembee juani asubuhi badala ya kukalishwa kwenye kochi akisalimiwa na kijiji kizima.